Koti la Rubani na Sifa Zake

Ukoo wetu ulikuwa na kila nafasi ya kutunza kitu cha maana. Babu alikuwa na mashua, alikuwa na kitanda cha kamba kilichochongwa miguu, alikuwa na sinia za shaba zilizotoka Arabuni. Vyote vimekwenda. Kilichobaki, kikabebwa, kikafichwa, kikapigiwa kelele na kugombaniwa hadi leo, ni koti la ngozi la rubani, zito kama mtoto wa miaka miwili, lenye bitana ya manyoya ya kondoo kuanzia kola mpaka kiunoni. Lilishonwa ili mtu asigande kwa baridi angani, kwenye ndege za zamani ambazo upepo ulimpiga rubani kifuani. Sisi tunaishi Kismayo, na kabla ya hapo tuliishi kisiwani Chula. Kwetu mtu akikaa kivulini bila kutoka jasho anaulizwa kama ana homa.

Lilivyofika kwetu kuna hadithi mbili. Ya kwanza ni ya kwetu Chula. Wakati wa vita vya Wazungu ndege ilianguka kwenye maji kati yetu na kisiwa jirani cha Chovai. Babu, kijana wakati huo, akapiga mbizi, akamtoa rubani aliyekuwa akizama, akambeba mgongoni mpaka mchangani. Yule Mzungu akalia kwa shukrani, akavua kila alichovaa cha thamani, akampa. Hadithi ya pili ni ya watu wa Chovai. Wao wanasema pale ndege ilipoangukia maji yalifika mapajani, na rubani alitembea mwenyewe mpaka ufukweni akiwa na mikoba yake. Alipopakiwa mashuani kupelekwa Kismayo alishikwa na kichefuchefu, akawa anatapika ubavuni, hana habari na dunia, na babu yetu akamsaidia kuvua koti ili lisichafuke. Halikuchafuka. Halikurudi pia.

Kama alikuwa Mwingereza au Mtaliana, hatujui. Babu alimwita "Mzungu wangu" mpaka alipokufa.

Koti halikuja peke yake. Kulikuwa na buti, glavu, miwani mikubwa ya kuzuia upepo, na kofia ya ngozi ya kufunga chini ya kidevu. Vitu hivyo vilipata bahati mbaya ya kuwa na matumizi. Glavu babu alizivaa kuwatoa kambakoche mapangoni, na kambakoche wakazimaliza kwa msimu mmoja. Buti alipewa shemeji yake, akaingia nazo baharini kwa maringo, zikajaa maji, ikabidi avutwe kama nanga. Miwani aliirithi ami yangu, mdogo wake baba. Akiwa kijana alizamia nayo, ikaingia maji, akaibuka na kuapa kwamba ameona samaki mkubwa kuliko msikiti. Na kofia, kuku wa bibi aliichagua mwenyewe akaitagia. Bibi alikuwa akisema hajawahi kuona kiota bora kuliko hicho, vifaranga walitoka wote.

Koti lilinusurika kwa sababu lilikuwa halifai kwa lolote. Nawajua wakubwa kadhaa walionusurika kwa njia hiyo hiyo.

Mlinzi wake alikuwa shangazi, dada mkubwa wa baba na ami. Aliliweka ndani ya kasha la mvule pamoja na kafuri, karafuu na vipande vya udi, na kila mvua zikiisha alilitoa akaliangika kivulini, akalifuta ukungu kwa kitambaa kilichochovywa mafuta ya nazi. Ukungu kwetu ni kama wageni wa harusi, ukiwafukuza mlango wa mbele wamekwisha kuingia wa nyuma. Koti likitoka kashani lilikuwa na vinywele vya kijani begani, na shangazi alikuwa akilisemesha wakati wa kulifuta, "Haya mzee, geuka," kama anamwogesha mgonjwa. Sisi watoto tuliruhusiwa kutazama. Kugusa, hapana.

Mwaka mmoja shangazi alikwenda Burgao kwenye msiba akakaa huko, na ami akapata nafasi ya kulitunza kwa akili yake. Ami ni fundi wa mashua. Kwa ami kila kitu duniani ni mbao ambayo haijapakwa vizuri. Akachukua sifa, yale mafuta ya maini ya papa tunayopaka vyombo vya baharini ili visile maji, akalipaka koti nje, na kwa kuwa hakuwa mchoyo, akalipaka na ndani.

Shangazi aliporudi alisikia harufu kabla hajafika mlangoni. Paka wa mtaa mzima walikuwa wamekaa mbele ya nyumba yetu kimya, kama wanasubiri sala.

"Umelifanya nini?" akauliza.

"Nimelihifadhi, dada," akasema ami. "Ngozi inakunywa kama mbao. Sasa hata ukilitupa baharini mwaka mzima, haliozi."

"Na nani alikwambia tunataka kulitupa baharini?"

Tangu siku hiyo koti letu likawa na sifa za aina zote mbili, zile za kusimuliwa na zile za kunuka, na za kunuka zilitangulia kila mahali.

Vita vya nyumbani vilipotufikia mwaka wa tisini na moja, tulitoka Chula kwa mashua, familia tatu pamoja. Nilikuwa msichana mdogo, lakini nakumbuka vizuri baba akisimama katikati ya chumba na kuamua nini kiende na nini kibaki. Cherehani ikabaki. Sinia za shaba zikabaki. Godoro likabaki. Koti likaenda. Mama alimtazama baba kwa macho ambayo baadaye maishani nimejifunza kuyatumia mimi mwenyewe, kisha akanishika mkono tukatoka, kwa sababu nje watu walikuwa wakituita kwa haraka.

Asubuhi ya pili baharini ilinyesha mvua nzito, na bibi, ambaye tayari alikuwa na homa, akaanza kutetemeka mpaka meno yakagongana. Shangazi akalifungua furushi, akamvika koti, akamfunga zipu mpaka kidevuni. Kichwa cha bibi kikatokeza juu ya ile kola ya manyoya kama kobe. Alitulia. Akalala. Hakuna aliyecheka, ingawa leo tukikumbuka tunacheka sana. Bibi alifika Mombasa akiwa hai, na neno lake la kwanza ufukweni lilikuwa kulalamika kwamba ananuka papa.

Hiyo ndiyo kazi pekee koti lile limepata kufanya tangu rubani alivue, na naikubali. Ila haikuwapa ndugu zetu haki ya kulifanyia yote yaliyofuata.

Miaka ikapita, kambini kwanza, kisha mitaa ya Mombasa. Wengine wakaenda Ulaya, wengine tukarudi. Bibi, baba na mama wamekufa. Mimi nashona sare za shule na mapazia hapa Kismayo, katika nyumba ninayokaa na shangazi. Ami anakaa mtaa wa pili. Mtoto wake wa kiume, binamu yangu, yuko Ulaya, kwenye nchi ya theluji. Ni mtu mzima mwenye ndevu za kupangwa, na kazi yake sijaielewa, ila anaifanya akiwa amekaa.

Huko Ulaya binamu aligundua kitu kinachoitwa urithi. Alikuwa hajakuja kutuona kwa miaka mingi, hata baba yake alipovunjika mguu hakuja. Lakini siku alipoona kwenye simu yake kundi la wazee wa Kizungu wanaoonyeshana makoti ya marubani, akakumbuka kwamba ana ukoo. Akaanza kupiga simu kila wiki. Hakuuliza hali ya mguu. Aliuliza hali ya koti.

"Shangazi, limelala au limetundikwa?"

"Limelala, baba. Lina haki ya kulala, ni zee."

"Lisikunjwe! Ngozi ikikunjwa inapasuka. Na hiyo kafuri itoe. Na mafuta ya nazi yasiliguse kabisa."

"Basi nilipake nini?"

"Usipake kitu. Nakuja."

Akaja kweli. Ndugu wengine wakija kutoka Ulaya mabegi yao yana viatu vya watoto na dawa za sukari za wazee. Begi la binamu lilikuwa na kopo la nta, chupa tatu za krimu, sabuni maalumu ya ngozi, brashi za manyoya ya farasi za ukubwa mbalimbali, glavu nyeupe za pamba, kitundikio cha koti chenye mabega manene kama ya mtu, na kidude cha kupima unyevu wa hewa. Shangazi aliletewa chokoleti. Ilikuwa imeyeyuka.

Kidude kile cha unyevu alikitundika ukutani sebuleni, akakisoma, akashtuka. Akakigonga kwa kidole. Akakisoma tena.

"Hapa hakuna ngozi inayoweza kuishi," akasema.

Shangazi, ambaye ngozi yake imeishi hapa miaka zaidi ya sabini, alikuwa akiilamba chokoleti kwenye karatasi yake.

Halafu akalitoa koti kashani, amevaa glavu nyeupe, akalilaza juu ya shuka mezani pangu pa kukatia vitambaa. Kwa wiki nzima sikupata mahali pa kukata sare. Aliliinamia, akalipiga picha mshono kwa mshono, akanusa, macho yakamtoka machozi. Nikadhani ni hisia. Ilikuwa sifa.

"Nani aliweka mafuta ya samaki?"

"Mimi," akasema ami, kwa fahari, mkongojo umeegemea gotini. "Na ndiyo maana bado lipo."

"Baba, umeliua! Wataalamu wote wanasema mafuta ya wanyama yanaozesha nyuzi."

"Wataalamu wangapi wamepata kutengeneza mashua?"

"Hili si mashua, baba!"

"Ingekuwa mashua ningekuelewa unavyolilia. Mashua inakwenda mahali."

Walibishana hivyo siku nne, baba na mwana, mmoja akitaja nyuzi na mwingine akitaja papa. Hawakuwa wamezungumza kwa muda mrefu namna ile tangu kijana aondoke, na sikumbuki kama waliwahi kuulizana kuhusu jambo jingine. Shangazi alipita katikati yao na chai. Binamu alisugua, akapangusa, akapaka krimu, akasubiri, akapangusa tena. Nakiri koti liling'aa. Rangi ya kahawia iliyokuwa imefichwa na miaka ya nazi na papa ikatoka, ikapendeza kama tende mbivu. Hata shangazi alisema, "Mashallah," kisha akaongeza kwamba bado linanuka.

Zipu ndiyo ilikuwa ngumu. Sifa ilikuwa imegandamana kwenye meno yake kama gundi. Binamu aliipaka nta yake maalumu, akaivuta juu na chini, ikatembea kidogo, ikakwama, ikatembea. Akasema imepona.

Siku ya mwisho ya matengenezo akatangaza kwamba lazima apigwe picha akiwa amelivaa, ufukweni, ili kundi lake la wazee lilione "katika mazingira yake". Nilimkumbusha kwamba mazingira ya koti lile ni mawinguni. Akasema nuru nzuri ni ya mchana. Wenyeji wote wa Kismayo wakati huo huwa wamelikimbia jua, wako ndani. Tukatoka, yeye, mimi wa kushika simu, ami na mkongojo wake kwa sababu hakutaka kukosa, na shangazi kwa sababu hakuliamini koti mikononi mwa watu.

Akalivaa. Akavuta zipu mpaka kidevuni, akaweka mikono kiunoni, akatazama mbali kwenye maji kama mtu anayesubiri adui atokee upande wa Mogadishu. Nikapiga picha. Akataka nyingine ya ubavuni. Nikapiga. Akataka moja anacheka. Hiyo haikutoka vizuri, kwa sababu uso ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu na jasho lilikuwa likidondoka kwenye ndevu zilizopangwa.

"Basi, inatosha," akasema, akashika zipu kushusha. Zipu ikakataa. Akavuta kwa nguvu, na kile kishikio kidogo cha chuma kikamvunjikia mkononi.

Tukakitazama kishikio. Yeye akanitazama mimi.

"Wewe ni fundi cherehani," akasema.

"Wa sare za shule," nikamjibu, lakini nikajaribu. Nikabana kwa kucha, nikabana kwa meno, na ladha ya papa wa miaka thelathini ikaniingia kinywani. Ami akaleta koleo kutoka kwa jirani, akavuta, meno matatu ya zipu yakang'oka na mengine yakazidi kushikana. Tukajaribu kulivulia kichwani kama fulana. Kola ikafika masikioni ikagoma, na tukamwacha pale mikono imeelekea juu, sauti yake ikitoka ndani kwa mbali. Tukalirudisha.

Watu walikuwa wameanza kutoka majumbani. Jirani yetu Msomali, mama mmoja mwenye sauti ya kufika bandarini, akauliza kwa lugha yake, "Abaayo, dada yangu, huyo mnampika?"

Tukamkokota mpaka uani kwetu. Hapo mzaha ulikuwa umekwisha. Macho yake yalikuwa yanazunguka, midomo imekauka, na jasho lilikuwa limesimama, jambo ambalo si zuri. Nikachota ndoo ya maji.

"Maji hapana!" akapiga kelele, na hicho ndicho kilikuwa kilio chake cha nguvu kuliko vyote. "Maji yanaharibu ngozi! Nimeshaipaka krimu!"

Nikasimama na ndoo yangu kama mjinga. Najionea aibu kidogo kwamba nilisita, lakini alisema kwa sauti ya kitaalamu sana.

Shangazi hakusita. Aliingia ndani, akatoka na mkasi wangu mkubwa wa kukatia turubai. Binamu alipouona akaanza kurudi nyuma.

"Shangazi, hapana. Ni urithi. Ni wa babu. Umelitunza maisha yako yote."

"Ndiyo," akasema shangazi, "nimelitunza mimi, si wewe." Na akaongeza kwa Kibajuni cha kwetu Chula, ambamo kitu ni kichu, taratibu, kama anamfundisha mtoto kusema: "Hiki ni kichu. Wewe ni mchu. Kaa."

Akakaa. Ami akamshika mabega. Shangazi akaingiza mkasi chini ya kiuno cha koti, kando ya zipu, akakata kwenda juu mpaka kola. Haikuwa kazi nyepesi, ngozi ile ilikuwa na ubishi, na mikono ya shangazi ina baridi yabisi. Alikata huku ametoa ulimi nje kidogo. Koti likafunguka kama kaa aliyechemshwa, mvuke ukatoka, naapa, na harufu yake ikawarudisha majirani hatua kadhaa. Nikammwagia binamu ndoo nzima. Na ya pili. Ami alikaa chini mchangani karibu yake, mguu mbovu umenyooka, akampepea kwa mkeka, akisema, "Pumua, babangu, pumua." Alimpepea muda mrefu baada ya kijana kupata nafuu, na kijana hakumwambia aache.

Nilidhani shangazi atalilia koti. Alilikusanya, akalikung'uta, akaniuliza kama wali upo.

Nililishona mimi. Sare za shule hazikunifundisha kushona ngozi, mshono wangu ulipanda kama mtu anayepanda ngazi amelewa, na binamu alinisimamia akihema kwa uchungu kila sindano ilipopita. Lakini kabla ya kushona, bitana ya manyoya ilikuwa imeachana na ngozi upande mmoja. Akaipiga picha, akawatumia wazee wake. Wakajibu kwa pamoja kwamba bitana ile si ya asili, imebadilishwa, kwa sababu hakuna manyoya ya kiwandani yenye rangi ile wala yenye historia ya papa. Binamu akaitenganisha yote, akaiacha juu ya kiti. Bibi alinusurika ndani ya manyoya yale. Kwa wazee wa kundi hayakuwa na thamani.

Akaondoka na ngozi peke yake, ndani ya mfuko wa pamba, imelazwa bila kukunjwa. Baba yake alimsindikiza mpaka uwanja wa ndege na mkongojo wake. Sasa nasikia ameliweka kwenye kabati la kioo, lenye hewa inayopimwa, na haruhusu mtu kuligusa. Nilimwona kwenye simu juzi, amesimama kituo cha basi, theluji imemfunika kichwa, anatetemeka ndani ya jaketi la plastiki. Nikamuuliza kwa nini asivae la babu. Akaniambia baridi inakausha ngozi. Na kwenye kundi lake ameandika, kwa maelezo marefu, kwamba ule mshono wangu ni alama ya risasi. Wazee wamempongeza. Mmoja amesema inaonekana wazi ilitoka kwa ndege ya adui.

Lakini nitampa haki yake. Siku hizi akipiga simu anamuuliza baba yake kuhusu mguu kwanza, na habari za koti anamwekea shangazi.

Bitana, shangazi aliifua kwa sabuni ya unga na maji ya kawaida, mara tatu, akaianika juani, kinyume cha kila alichofundishwa. Ikawa nyeupe. Ami akaja na wasiwasi wake, je, yule kondoo alichinjwa na nani. Shangazi akamwambia ngozi ikishatengenezwa kwa dawa, ikadibaghiwa, imetakata, na kama ana fatwa nyingine aende nayo akaipake sifa. Akaipunguza kwa mkasi ule ule, akaitandika juu ya msala wake wa kusalia, mahali magoti yanapofika. Magoti yake yamekuwa yakimuuma kwa miaka.

Anasema sasa haumii sana. Mimi huichana manyoya kila Alhamisi kwa chanuo la meno mapana, ili yasilale.